Vitenzi Vyenye Mkia

Siku hizi ukipita mbele ya duka la Fundi utasikia cherehani tu. Zamani, kila Fundi alipoinua mguu kwenye kanyagio ili ageuze kitambaa, ulisikia kingine: sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia, ya chini, ya mtu anayebeba kitu kilichojaa na hataki kimwagike. Ilikuwa inasema maneno ya Kiingereza, mawili mawili, na kuyarudia mpaka yalainike. Sasa cherehani ikinyamaza hakuna kinachoipokea. Fundi amejizoesha kukanyaga bila kupumzika. Wateja wanasema ameongeza bidii, na yeye hawakatalii.

Aliyekuwa akisema nyuma ya pazia ni mkewe. Binti yao wa pekee alirithi jina la mama yake Fundi, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulikaripia jina hilo, mtoto aliitwa Bibi tangu hajaota jino. Basi mke akawa Mama Bibi, na Fundi, kwa mkewe peke yake, akawa Baba Bibi. Kwa dunia nzima iliyobaki alikuwa Fundi, mshonaji wa suruali za wanaume na makoti, mtu wa maneno machache, mwenye pini mdomoni na futi shingoni hata akienda sokoni.

Mama Bibi alilelewa na shangazi yake, mwanamke ambaye hakuwa na roho mbaya ila alikuwa na watoto wake wa kusomesha. Alipomaliza shule ya msingi shangazi alimwambia, "Wewe mikono yako inajua kazi, itakulisha," na ikawa hivyo. Alipata kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni, chumba cha nyuma chenye dirisha moja, mvuke asubuhi mpaka jioni. Huko ndiko Fundi alikomwona. Alikuwa amepeleka mapazia mapya, naye yule msichana akalikunjua la kwanza ili alipige pasi, akalitazama, akasema, "Upindo wa hili umekwenda pembeni." Fundi alikuwa ameshona miaka mingi na hakuna aliyepata kumwambia kitu kama hicho machoni. Alikaa palepale sakafuni akaufumua upindo wote, akaushona upya kwa mkono. Haukupita muda mrefu akapeleka wazee.

Basi waliishi vizuri, na Bibi alipokua akapelekwa shule ya bweni. Chumba kikiwa nyuma ya duka, duka likiwa mbele ya chumba, pazia katikati. Mama Bibi alipanda kazini taratibu, akakabidhiwa funguo za kabati la mashuka, na wasichana waliokuja nyuma yake wakamwita bosi kwa utani. Pengine angezeekea mvukeni bila kunung'unika kama asingekuja yule mama mgeni.

Mgeni huyo alikuwa mshirika wa mwenye nyumba ya wageni, ametoka ng'ambo, hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Alizunguka nyumba nzima akimwuliza kila mfanyakazi anafanya kazi gani. Alipofika kwa Mama Bibi, Mama Bibi alikwisha kujiandaa. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye anayetunza mashuka. Akasimama wima, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujiamini, "I look for the sheets."

Yule mama akashtuka. Akauliza jambo, Mama Bibi akajibu ndiyo. Akauliza jingine, akajibu ndiyo tena, maana ndiyo haijawahi kumgombanisha na mtu. Mchana huo vitanda vyote vilivuliwa, mashuka yakahesabiwa uani, mlinzi akaitwa ajieleze. Halikukosekana hata moja. Kijana wa mapokezi ndiye aliyekuja kumfumbulia huku amejishika mbavu: alitaka kusema anayatunza, akasema anayatafuta. Kitenzi ni kilekile. Tofauti ni kineno kimoja kinachokuja nyuma yake.

Tangu siku hiyo kila alipoingia kazini alisalimiwa, "Mama, umeyaona?" Mpishi, mlinzi, wasichana wa vyumbani, wote. "Umeyaona, mama?" Alipomsimulia mumewe, Fundi alicheka mpaka akatema pini. Mama Bibi naye alicheka. Lakini kicheko chake kiliisha mapema kuliko cha mumewe, na Fundi, ambaye hupima kila kitu, hilo hakulipima.

Mwezi uliofuata alijiandikisha darasa la jioni.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha shule ya chekechea, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika vifuani. Mwalimu wao alikuwa mwanamume mrefu, shati lake halina kunyanzi, na mtaa mzima ulimwita Kuliko, kwa sababu hakuwahi kukiona kitu bila kukilinganisha na kingine. Akinywa chai atakwambia ni tamu kuliko ya jana. Akiugua atasema homa hii ni ya adabu kuliko ile ya mwaka juzi.

Mwanzoni Fundi alifurahi. Mkewe alirudi na mambo ya kuchekesha, wakala huku wanazungumza.

"Mwalimu anasema kitenzi cha Kiingereza kina mkia."

"Mkia wa nini tena?"

"Mkia, Baba Bibi. Sisi wa kwetu tunaumeza. Pika, pikia. Hama, hamia. Cheka, chekea. Umempikia nani, umehamia wapi, vyote vimeingia tumboni mwa neno. Wao hawamezi. Kineno kinabaki nje, kinafuata nyuma. Na ukibadilisha mkia, mnyama mwenyewe anabadilika. Look ni kutazama. Mpe mkia huu, ametunza. Mpe ule, anatafuta."

"Na asipopewa mkia?"

"Anakukodolea macho tu, kama wewe unavyonitazama."

Walicheka. Fundi alimwomba amtajie mnyama mwingine, akatajiwa. Lakini siku zikienda, lile "mwalimu anasema" lilianza kukaa nao kwenye mkeka kama mgeni asiyejua kuaga. Mwalimu anasema usiogope kukosea. Mwalimu anasema mtu asikie kwanza, aseme baadaye. Mwalimu anasema chai isichemke sana. Fundi alikuwa mume wa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hakukumbuka mkewe kuwahi kumwambia mtu yeyote, "Baba Bibi anasema."

Jirani yake alikuwa Kinyozi. Duka lake na la Fundi yaligawana ukuta wa mbao. Kinyozi aliwahi kufanya kazi kwa wageni zamani, akapata Kiingereza cha kumtosha kuwatania wateja. Siku moja alikuja kukaziwa kifungo cha koti. Fundi akawa anapitisha uzi, na nyuma ya pazia Mama Bibi anasugua sufuria na kusoma masomo yake.

"Wait for," ilisema sauti. "I wait for him. Think about. I think about him. Depend on. I depend on him."

Kinyozi akainua nyusi. "Mwenzangu, unasikia?"

"Nasikia kila siku. Anasoma."

"Anasoma, sawa. Unajua anasoma nini?"

"Nini?"

Kinyozi akapunguza sauti, jinsi apunguzavyo akikaribia sikio la mteja kwa wembe. "Namsubiri. Namfikiria. Namtegemea."

"Namsubiri nani?"

"Hapo ndipo penyewe, Fundi. Sisi tukisema namsubiri, huyo anaweza kuwa shangazi, anaweza kuwa mama mkwe, anaweza kuwa mwenye nyumba. Kiswahili kina stara. Kiingereza hakina. Him ni mwanamume, hakuna ubishi. Angekuwa shangazi angesema her."

Fundi alikaza uzi mpaka kifungo kikalalia upande. "Ni mifano ya darasani."

"Mimi nimesema si mifano? Nimesema ni dume tu."

"Chukua koti lako uende."

"Naenda. Usinikatie uzi kwa meno, bwana, utanikata mimi."

Kinyozi aliondoka akicheka, akasahau kabla hajafika kwenye kiti chake. Wengine huacha neno nyumbani kwa mtu kama wanaoacha mwavuli. Fundi alibaki nalo. Aliporudi kukanyaga, cherehani yenyewe ilikuwa inasema namsubiri, namsubiri, namsubiri.

Yeye hakuwa mtu wa kupiga wala wa kufoka. Wivu wake ulikuwa wa mshonaji: ulikaa ndani, upande wa bitana, ambako mtu wa nje haoni. Alianza kuangalia saa mkewe atakapotoka. Aliangalia kitambaa alichojifunga kichwani, kama ni cha jana au ni kipya. Alimwuliza mambo madogo kwa sauti ya mambo madogo. "Mlikuwa wengi leo?" "Mvua haikuwazuia?" "Mwalimu wenu ana mke?" Mama Bibi alijibu lile la tatu kama alivyojibu mawili ya kwanza, bila kuinua uso: hajui, hajawahi kuuliza. Fundi akaona kwamba mtu asiyeuliza ni mtu anayejua.

Kisha darasa likafika kwenye kulinganisha. Hapo ndipo Kuliko alipokuwa nyumbani kwake hasa. Mama Bibi alirudi akiwa kama amepewa futi yake mwenyewe, akapima kila kilichokuwemo ndani. Sufuria hii kubwa kuliko ile. Mto wako mgumu kuliko wangu. Maneno mafupi unayaongezea sauti mwishoni, maneno marefu unayatangulizia neno jingine, na ole wako ufanye yote mawili kwa pamoja, utachekwa na chekechea nzima.

"Wewe, Baba Bibi," alisema jioni moja, amesimama na mwiko, "you are shorter than the door."

"Ndiyo nini?"

"Wewe ni mfupi kuliko mlango."

"Kila mtu ni mfupi kuliko mlango. Ndiyo maana tunapita."

"Mwalimu anainama," alisema Mama Bibi, na akaendelea kukoroga.

Alilisema kama mtu anavyosema kuna mawingu. Lakini Fundi aliweka kijiko chini. Alimwona mkewe amekaa kwenye kiti cha mtoto, uso ameuinua mlangoni, akimtazama mwanamume anayeinama ili aingie. Alikiona kichwa kikiinama, na shati lisilo na kunyanzi. Nani alilipiga pasi lile shati?

Wiki ileile mlango wa duka ulitiwa giza.

"Hodi hapa. Fundi, nimeambiwa hapa ndipo suruali zinapokaa mwilini."

Fundi aliinua macho, akamwona mtu akiinama kuingia. "Umeambiwa na nani?"

"Na shemeji."

Tangu lini, Fundi alijiuliza, na kwa ndugu gani. Lakini mteja ni mteja. Alitoa futi shingoni, akamzungushia kiuno. Kilikuwa chembamba kuliko chake. Akapima nyonga. Kisha ukafika urefu wa mguu, na mguu wa mwanamume mshonaji haupimi akiwa amesimama. Fundi alipiga goti. Miaka yote alikuwa amewapigia magoti walinzi, makarani na wauza samaki, bila kulifikiria hata mara moja, maana ni kazi. Siku hiyo alilisikia goti likigusa simenti, akausikia ubaridi wake ukipanda mpaka kwenye meno.

"Mkeo yule, Fundi," alisema Kuliko juu huko, akitazama barabarani. "Mwepesi."

Futi ilisimama. "Mwepesi?"

"Mwepesi sana. Nimefundisha wanawake wengi, lakini yeye mwepesi kuliko wote."

Fundi alikuwa na pini mbili mdomoni, na paja la mwalimu lilikuwa karibu. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wa pini.

"Wa kushika," aliongeza Kuliko, amechelewa sana. "Ukimpa kanuni leo, kesho anaileta imekaa. Angesoma utotoni yule, sijui angekuwa wapi."

"Angekuwa mbali," alisema Fundi.

"Mbali kabisa."

"Mguu tuufikishe wapi?"

"Uguse kiatu kidogo tu. Sipendi inayoburuta."

Maelezo yalikuwa yametolewa, na yalikuwa ya heshima. Fundi hakuwa mjinga, aliyaelewa. Lakini neno likishakaa halisimami kumpisha maelezo. Usiku na mchana alilala na kuamka na lile la kwanza, mwepesi, na kila mkewe alipovuka kizingiti kwenda darasani aliona jinsi miguu yake inavyogusa ardhi kidogo tu.

Habari ya hoteli ikaja. Mwenye nyumba ya wageni na yule mama mgeni walikuwa wamejenga hoteli katika mji mwingine, na walitaka mtu wa mapokezi aliyekwisha kujulikana kwa uaminifu. Atakayetaka ajitokeze, atahojiwa kwa Kiingereza. Mama Bibi alimwambia mumewe akiwa amesimama mbele ya pazia, upande wa duka, mahali ambapo wateja husimama.

"Nataka nijaribu."

"Mji mwingine."

"Tunaweza kuhamia wote. Suruali zinavaliwa kila mahali, Baba Bibi. Au niende kwanza, wewe uje. Sijapata hata. Nataka nijaribu tu."

"Mwalimu anasemaje?"

Alimtazama kidogo. "Sijamwambia. Nimekwambia wewe." Kisha akafungua mfuko akatoa kitambaa cha buluu iliyoiva, kizito, kizuri, alichokinunua mwenyewe. "Nishonee koti. La mtu anayekaa mbele."

Fundi alijua vipimo vya mkewe kuliko alivyojua vyake, lakini alimpima. Mama Bibi alinyanyua mikono, akageuka alipoguswa, akacheka futi ilipomtekenya kwapani. "Niachie nafasi ya kupumua," alisema. "Nikiogopa huwa natanuka."

Alianza na kola, na kola ilitoka kama imeota yenyewe. Mikono ya koti ilikaa. Mtu angelitazama koti lile siku ya tatu angesema mwanamume huyu anampenda mkewe, na asingekosea. Kisha ukafika ubavu. Chaki ilikuwa imepita panapostahili. Mkasi ulipoanza kuifuata, Fundi alimsikia Kuliko juu ya kichwa chake: mwepesi kuliko wote. Kama ni mwepesi, alijiambia, basi litamtosha. Na mkasi ukaingia ndani ya mstari, upana wa ukucha. Akageuza kitambaa, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Bado hapo kosa lingetibika, maana mshonaji mwenye adabu huacha akiba ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa nguo imsikilize. Fundi alishona, kisha akaikata ile akiba, karibu kabisa na uzi, akaifunika kwa bitana. Kazi ilikuwa safi. Kipande kilichobaki alikitia pamba, akakishona kiwe mto mdogo wa kukalia.

Asubuhi ya mahojiano Mama Bibi alilivaa mbele ya kioo. Mabega yalikaa. Alivuta pande mbili zikutane, hazikukutana. Alitoa pumzi, akavuta tena. Kifungo kilifika karibu na tundu lake, kikakataa.

"Labda umenenepa," alisema Fundi kutoka kwenye kiti chake. "Au ni ule woga."

Mkewe alilivua, akaligeuza ndani nje. Mtu aliyepiga pasi maisha yake yote anasoma mshono kwa kidole gumba. Alipasua uzi wa bitana kwa ncha ya mkasi, akaingiza kidole, akakitembeza kutoka kwapani mpaka chini. Kisha upande wa pili.

"Umekata akiba."

"Kitambaa hakikutosha."

"Nilikinunua mimi. Kilitosha na kilibaki. Umekikalia."

Fundi alijikuta amejitazama chini, kwenye ule mto wa buluu. Angeweza kusema mengi na yote yalikuwa yameshaingia mdomoni, yakasongamana kama pini. Lililotoka lilikuwa la kweli.

"Nakuonea wivu," alisema. "Ndiyo hivyo. Mwanamume kumwonea mkewe wivu si dhambi."

Mama Bibi aliliweka koti juu ya meza ya kukatia, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama shuka la mgeni.

"Wivu wa nini, Baba Bibi? Unanionea mimi nisichukuliwe, au unanionea kwa kuwa nimejua?"

Fundi hakuwa amewahi kujiuliza. Swali lilipita ndani yake likifungua milango, na kila mlango aliona kitu asichotaka kukiona: si Kuliko, si shati la Kuliko, bali mkewe amesimama na mwiko, akisema jambo ambalo yeye halijui, uso unang'aa.

"Unaona, kwetu mkia umo tumboni," alisema Mama Bibi. "Mtu anaweza kusema hivyo na usijue amesema lipi. Lakini hebu toa neno la mwisho. Toa wivu. Kinabaki nini?"

"Kinabaki nini?"

"Unanionea."

Hakupaza sauti. Alivaa sare yake ya kazini, ile ya chumba cha mvuke, iliyofifia mabegani, akaipitishia pasi ikiwa mwilini, akiivuta kwa mkono mmoja, jambo ambalo alikuwa akiwakataza wasichana wake wasifanye. Akatoka.

Alipata kazi. Habari hiyo Fundi aliipata kwa Kinyozi, ambaye aliipata kwa mlinzi. Mkewe hakumficha, alimwambia jioni, lakini alimwambia kama anavyoambiwa mwenye nyumba kwamba mtu anahama. Fundi alisema atamshonea koti jingine, kwa kitambaa atakachonunua yeye.

"Usijisumbue. Huko wanatoa sare."

"Niwie radhi, Mama Bibi."

"Nimekuwia," alisema, na ilikuwa kweli, na haikubadilisha kitu. Mwisho wa mwezi alipakia nguo zake. Alipitia shule ya bweni, akazungumza na binti yao. Fundi alimsindikiza mpaka kituoni amembebea mfuko, na njia nzima waliongea juu ya paa linalovuja.

Kuliko alikuja kuchukua suruali yake baada ya hapo. Aliinama akaingia, akaivaa nyuma ya pazia, akatoka amefurahi, akijitazama miguu.

"Imekaa kuliko zote nilizowahi kuvaa. Shemeji alisema kweli."

"Alisema nini?"

"Ah, yule mama. Darasa zima tulikuwa tunakujua kabla hatujakuona. Kila nikitaka mfano, mfano wake ni wewe. Mume wangu ni mtaratibu kuliko mafundi wote. Mume wangu ana subira kuliko mimi. Ninamsubiri, ninamtegemea, him, him, him. Wenzake wakawa wanamtania, mama, huyo mumeo hana kasoro? Akasema anayo, ila hajafundishwa neno lake kwa Kiingereza."

Alicheka, akalipa, akainama, akatoka.

Mtu angedhani hapo ndipo jiwe lilipotoka moyoni mwa Fundi. Halikutoka, liligeuka upande. Alikaa akimfikiria mwanamume huyo wa kwenye mifano, mwenye subira kuliko wengine, anayesubiriwa na kutegemewa mbele ya darasa zima. Mwanamume huyo asingekata akiba ya mshono. Alikaa na Mama Bibi jioni zote zile, katika chumba cha viti vidogo, wakati Fundi yuko nyumbani anaangalia saa. Fundi alimwonea wivu, na siku hiyo alilifunga duka mchana.

Wiki chache baadaye aliomba namba ya hoteli kwa mlinzi, akapiga. Iliita kidogo tu. Sauti ikaja, ya mkewe na si ya mkewe, laini, imenyooka, ikasema kwa Kiingereza habari za asubuhi na jina la mahali, ikauliza imsaidie nini. Fundi alikuwa anafikiria kwamba kila anayepiga anapewa sauti hiyo, mtu yeyote, bure.

"Ni mimi," alisema.

"Niko kazini, Baba Bibi. Kuna mgeni mbele yangu."

"Nani?"

"Mgeni," alisema Mama Bibi. "Nipigie alasiri."

Hoteli ni ya ghorofa tatu, inatazamana na stesheni ya treni. Mama Bibi yuko meza ya mbele, zamu ya asubuhi. Amepanga chumba mtaa wa nyuma na anaishi humo na Bibi, ambaye amehamishiwa shule ya huko. Fundi amebaki dukani, na habari ya kuhamia wote haijatajwa tena.